Kufuatilia Njia ya Kimbunga cha Atlantiki Ukiwa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa Waswahili wanaoishi Houston, Tampa na miji mingine ya kusini mwa Marekani, pamoja na jamaa zao wa Tanga, Mombasa na Bukavu ambao hupiga simu kila wanaposikia jina la kimbunga redioni. Anayejibu si mtaalamu wa hali ya hewa mwenye ajira. Ni mkazi wa karibu na Ghuba ya Meksiko ambaye kwa misimu kadhaa amekuwa akichora njia za vimbunga kwa penseli na kuandika makosa yake daftarini.

## Misingi

1. Kimbunga hasa ni nini, na jina hupatikana lini?

Kimbunga cha kitropiki ni mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa unaojengeka juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 za Selsiasi au zaidi, ambamo upepo huzunguka kitovu. Katika Kizio cha Kaskazini mzunguko huo huenda kinyume cha mwendo wa saa. Upepo endelevu ukifikia kilomita 63 kwa saa, mfumo huitwa dhoruba ya kitropiki na hupewa jina. Ukifikia kilomita 119 huhesabiwa kuwa kimbunga kamili cha daraja la 1, na ukifikia 252 huwa daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa. Madaraja haya hupima upepo peke yake. Hayasemi lolote kuhusu mvua wala maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu, ingawa maji ndiyo huua watu wengi zaidi.

Majina hutoka katika orodha sita zinazosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambazo hutumika kwa zamu mwaka hadi mwaka. Jina la kimbunga kilichosababisha maafa makubwa huondolewa. Kabla ya kupata jina, mfumo unaotiliwa shaka hupewa namba kati ya 90 na 99 na herufi L, ambayo ni alama ya Atlantiki, na hapo ndipo wafuatiliaji wengi huanza kunoa penseli.

2. Msimu huanza na kwisha lini?

Msimu huanza rasmi tarehe 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Vimbunga vya nje ya tarehe hizo hutokea, ila ni vichache.

3. Ni kweli kwamba vimbunga hivi vinaanzia Afrika?

Vingi vya vile vikubwa, ndiyo. Kila mwaka mawimbi ya hewa yapatayo 60 hivi husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi kupitia ukanda wa Sahel, yakichochewa na tofauti kati ya joto kali la Sahara na hewa ya ubaridi na unyevu ya Ghuba ya Guinea. Baadhi yake huanza kutambulika mbali sana ndani ya bara, katika milima ya Darfur na nyanda za juu za Ethiopia, ambako radi za alasiri hukusanyika. Mawimbi hayo hutoka baharini karibu na Senegal na Guinea, hupita kusini mwa Cabo Verde, na mengi hufifia bila kumdhuru mtu. Machache yanayopata bahari ya joto na upepo tulivu wa juu hujikunja na kuwa dhoruba. Hukadiriwa kwamba takriban asilimia 85 ya vimbunga vya daraja la 3 na kuendelea vina asili ya mawimbi haya.

Kwa hiyo shangazi yangu wa Tanga hukosea anaposema kwamba tunatumiwa upepo kutoka pwani yao, lakini hakosei sana kama ninavyopenda kumwambia. Mfuatiliaji anayesubiri mpaka kimbunga kifike visiwa vya Antili, huko Karibi, amepoteza wiki nzima ya kukitazama. Mwezi Agosti picha ya setilaiti ya Afrika Magharibi ndiyo ukurasa wa kwanza, na mavumbi ya Sahara ndiyo jambo la kwanza la kuangalia, kwa sababu hewa kavu inayoyabeba mara nyingi huyanyima mawimbi nguvu.

4. Je, raia asiye na shahada anaweza kweli kutabiri njia ya kimbunga?

Anaweza kuifuatilia vizuri sana, na anaweza kuikadiria kwa siku moja au mbili bila kuaibika. Takwimu ni za wazi: mahali kilipo kitovu, mgandamizo, vipimo vya ndege, picha za setilaiti na michoro ya modeli (programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo) zote hutolewa kwa umma bila malipo. Asichoweza kukifanya kwa urahisi ni kukishinda Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilichopo Miami, ambacho watabiri wake husoma taarifa zilezile, na nyingine za ziada, wakiwa wamekwisha kujua ni modeli ipi hukosea upande gani.

Hivyo weka mpaka mapema. Uamuzi wa kuhama au kubaki hufanywa kwa taarifa ya Kituo na amri ya mamlaka za kaunti unayoishi. Daftari lako ni la kujifunza, na hujifunzi chochote usipoandika utabiri wako kabla ya jambo kutokea (tazama swali la 19).

## Vifaa, saa na hesabu

5. Nahitaji vifaa gani?

Ramani ya karatasi yenye mistari ya latitudo na longitudo, penseli, kifutio, rula, bikari na daftari. Miaka ya nyuma, katika miji ya pwani ya Ghuba, ramani hizi zilichapishwa hata kwenye mifuko ya karatasi ya madukani, na wazee wengi wa huku walijifunzia hapo. Leo unaweza kuichapisha mwenyewe. Barometa ya ukutani ni nyongeza nzuri kwa saa za mwisho, kimbunga kikiwa karibu na umeme umekatika.

Kwa nini karatasi, wakati simu inaonyesha kila kitu? Kwa sababu simu hukuonyesha utabiri wa sasa na kufuta ule wa jana. Karatasi huhifadhi mistari yote mitano ya siku tano, na mara nyingi namna mistari hiyo inavyohama kutoka siku moja hadi nyingine ndiyo habari yenyewe. Kama kila utabiri mpya unasogea kulia kidogo kuliko uliotangulia, huna haja ya kompyuta kujua kwamba kuna jambo ambalo modeli bado hazijalishika sawasawa.

6. Taarifa hutoka saa ngapi, na hiyo herufi Z baada ya saa ni ya nini?

Z ni alama ya saa ya dunia, ile isiyobadilika kwa nchi wala msimu. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake. Houston, wakati wa kiangazi, iko saa tano nyuma. Kituo hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku: 03Z, 09Z, 15Z na 21Z. Kwa saa za Kiswahili mambo hukaa vizuri ajabu. Houston ni saa nne usiku, saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, ilhali Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Pwani inapokuwa chini ya angalizo au tahadhari, taarifa fupi huongezwa katikati, kila baada ya saa tatu.

Kosa la kawaida katika familia zetu ni mtu wa huku kusema "kitafika saa kumi" na mtu wa kule kuelewa saa kumi ya kwake. Andika Z daftarini, kisha tafsiri unapozungumza kwa simu.

7. Nawekaje alama kwenye ramani, na nahesabuje mwendo?

Kila taarifa hutoa latitudo na longitudo ya kitovu. Weka nukta, andika saa pembeni, unganisha na nukta iliyotangulia. Hesabu ni rahisi ukikumbuka mambo mawili: nyuzi moja ya latitudo ni maili 60 za baharini popote ulipo, lakini nyuzi moja ya longitudo hupungua kadiri unavyokwenda kaskazini. Karibu na latitudo 22 ni kama maili 55 na nusu, na karibu na latitudo 30 ni kama 52.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kitovu kilikuwa 22.0 Kaskazini, 90.0 Magharibi; saa sita baadaye kiko 22.6 Kaskazini, 91.2 Magharibi. Kimepanda nyuzi 0.6, yaani maili 36. Kimekwenda magharibi nyuzi 1.2, yaani takriban maili 67. Chora pembetatu kwa rula na upime upande mrefu: maili 76 kwa saa sita, karibu maili 13 kwa saa, kikielekea kati ya magharibi na kaskazini-magharibi. Ukirefusha mstari huo kwa saa 12 zijazo umekwisha kupata utabiri wako wa kwanza. Ni utabiri mnyonge, lakini hata wataalamu huuweka miongoni mwa modeli zao ili wapate kipimo cha chini: modeli yoyote isiyoushinda mstari ulionyooka haina kazi.

## Kinachokisukuma

8. Kimbunga kinaamuaje pa kwenda?

Hakiamui. Hubebwa na mkondo mpana wa hewa unaokizunguka, kama ngarawa isiyo na kasia. Dereva mkuu katika Atlantiki ni eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa kati ya Bermuda na Azores. Upepo hulizunguka kwa mwendo wa saa, hivyo kimbunga kilicho kusini mwake husukumwa magharibi, na kikifika ukingo wake wa magharibi hupinda kuelekea kaskazini, kisha kaskazini-mashariki. Eneo hilo likiwa refu mpaka Florida, kimbunga huingia Ghuba ya Meksiko. Likiwa fupi, kimbunga hugeuka mapema na kwenda kusumbua meli. Wakati huohuo mabonde ya mgandamizo mdogo hupita kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Marekani na kufungua mlango wa kaskazini kwa siku moja au mbili. Kuwahi au kuchelewa kwa mlango huo ndiko kunakoamua nani atapigwa. Mzunguko wa dunia nao huongeza msukumo mdogo wa kukivuta kaskazini-magharibi hata pale mkondo unapokuwa hafifu.

Visa viwili vya kinyume vinafaa kuchorwa kwenye ramani moja. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipokuwa mashariki mwa Marekani, mgandamizo mkubwa wa kaskazini ulikizibia njia ya kawaida ya kutokea baharini, na bonde lililokuwa magharibi likakivuta, kikapinda kushoto na kutua karibu na Brigantine, New Jersey, tarehe 29 Oktoba. Mwaka 2017 Harvey kilifika Texas na kukosa mkondo wowote wa kukibeba. Kilisimama, kikazungukazunguka, na kunyesha mpaka kipimo cha Nederland kikasoma zaidi ya milimita 1,500. Mstari mfupi kwenye karatasi usikufariji.

9. Je, maji ya joto hukivuta kimbunga kuyafuata?

Hapana. Maji ya joto hukipa nguvu kikiwa juu yake, lakini hayakielekezi. Kimbunga huweza kuyaacha maji ya joto kabisa na kupanda juu ya maji baridi kwa sababu mkondo wa juu umesema hivyo.

## Koni, tambi na modeli

10. Ile koni kwenye ramani inaonyesha ukubwa wa kimbunga?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni hapana. Koni huonyesha mahali ambapo kitovu huenda kikapita, basi. Hutengenezwa kwa kuchora duara kuzunguka kila nukta ya utabiri, na ukubwa wa duara huchaguliwa ili theluthi mbili za makosa ya Kituo ya miaka mitano iliyopita ziwe ndani yake. Kwa msimu wa 2024 duara la saa 24 lilikuwa na nusu-kipenyo cha maili 41 za baharini, la saa 60 maili 88, la saa 72 maili 102 na la saa 120 maili 220. Koni haipanuki kwa sababu kimbunga kinakua. Hupanuka kwa sababu ujuzi wetu unapungua.

Yafuatayo hutokana na hapo. Kwanza, katika kila duara, mara moja kati ya tatu kitovu hutoka nje, na hilo likitokea utabiri haujaharibika. Pili, upepo, mvua na maji ya bahari hufika mbali nje ya koni. Tatu, na hili watu hulisahau, duara la saa 72 lina upana uleule kwa kimbunga chepesi kutabirika na kwa kile kinachowachanganya wataalamu wote, kwa kuwa limetokana na wastani wa miaka iliyopita.

Mstari wa katikati ndio unaopotosha zaidi. Agosti 2004 macho ya Florida yalikuwa Tampa kwa sababu mstari wa Charley ulipita karibu nayo. Kimbunga kilikuwa kikienda sambamba na pwani, na kwa njia ya namna hiyo badiliko la nyuzi chache tu huhamisha mahali pa kutua kwa kilomita nyingi mno. Tarehe 13 kilipinda kulia na kuingia Punta Gorda kikiwa daraja la 4. Punta Gorda ilikuwa ndani ya koni wakati wote. Ndiyo sababu mimi huchora kingo za koni kwa wino na mstari wa kati kwa penseli hafifu, au siuchori kabisa.

11. Ile michoro ya tambi inasomwaje?

Kila uzi ni njia iliyotabiriwa na modeli moja, au toleo moja la modeli. Modeli ya Ulaya, kwa mfano, huendeshwa mara 51 kwa pamoja, kila mara ikianzia na hali iliyobadilishwa kidogo, ili kuona mabadiliko madogo ya leo yatazaa tofauti gani wiki ijayo. Usihesabu nyuzi zinazopita juu ya nyumba yako. Tazama kama zimekusanyika au zimetawanyika, na zimeachana kuanzia wapi: mahali zinapoachana ndipo pana jambo la kuchunguza, kwa kawaida lile bonde la swali la 8. Zikigawanyika makundi mawili, wastani wake ni njia ya katikati ambayo huenda hakuna modeli hata moja inayoiamini.

Jihadhari pia na michoro inayochanganya kila kitu. Ndani yake utakuta mstari ulionyooka wa swali la 7 na modeli ya takwimu za zamani tu, zimewekwa kama vipimo vya chini, nazo zimepakwa rangi ya kuvutia sawa na zilizo bora.

12. Modeli ipi ni bora, ya Marekani au ya Ulaya?

Mashabiki hubishana juu ya hili kama juu ya Simba na Yanga. Ya Ulaya ilijipatia sifa kwa Sandy, ilipoonyesha zamu ya kushoto takriban wiki moja kabla, lakini hakuna inayoongoza kila msimu wala kila kimbunga. Kinachoshinda mara nyingi ni wastani wa modeli kadhaa nzuri, kwa sababu makosa ya pande tofauti hufutana, na utabiri rasmi kwa kawaida haukai mbali na wastani huo.

Siku hizi kuna modeli za akili bandia zisizokokotoa fizikia hatua kwa hatua, bali hujifunza kutokana na miongo ya takwimu. Mwaka 2023 mojawapo, GraphCast, ilikionyesha kimbunga Lee kikielekea Nova Scotia takriban siku tisa kabla, na katika msimu wa 2025 modeli ya Google DeepMind ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi katika Atlantiki. Nimeanza kuzipa safu yake daftarini.

13. Nimetumiwa kwenye WhatsApp ramani ya kimbunga kikipiga mji wetu siku 12 zijazo. Niamini?

Usiiamini, na usiisambaze. Modeli ya Marekani huendeshwa mpaka siku 16 mbele, na mtu yeyote anaweza kukata picha ya siku ya 12. Baada ya saa sita modeli hiyohiyo itatoa picha nyingine, labda bila kimbunga chochote, na hiyo haitumwi na mtu. Kituo chenyewe hutoa nukta za njia mpaka siku 5 tu, na makadirio ya uwezekano wa dhoruba kuzaliwa mpaka siku 7.

14. Mbona mtandaoni kuna mtu huonyesha njia mpya kabla ya Kituo? Si amewashinda?

Hajawashinda. Modeli huanzia 00Z, 06Z, 12Z na 18Z, lakini matokeo huchukua saa kadhaa kupatikana. Ile ya Marekani ya 12Z huanza kutoka takriban saa tatu na nusu baadaye, yaani baada ya taarifa rasmi ya 15Z kukamilika. Anayeichapisha 16Z ana karatasi mpya zaidi, hana akili zaidi. Linganisha tabiri zilizotokana na takwimu za saa ileile, usilinganishe zilizotangazwa dakika ileile.

15. Ndege na redio zinamsaidia vipi mtu wa nyumbani?

Ndege za jeshi kutoka kambi ya Keesler, Mississippi, na zile za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, kutoka Lakeland, Florida, hupita ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo vyenye parashuti. Mgandamizo wa kitovu na mahali pake hutangazwa muda mfupi baadaye, na hizo ndizo nukta za kuaminika kuliko zote, hasa usiku, wakati picha ya mawingu inapoficha kitovu halisi. Kwa redio, kuna mtandao wa kujitolea ulioanza mwaka 1965 wakati wa kimbunga Betsy. Husikika kwenye megahezi 14.325, ambako watu wa visiwani husoma barometa zao kwa sauti. Kusikiliza ni ruhusa kwa yeyote, kurusha kunahitaji leseni.

## Yanayokanganya

16. Jicho limekwenda kaskazini saa nzima. Njia imebadilika?

Huenda halikubadilika lolote. Jicho, yaani kitovu kitulivu cha kimbunga, huyumba kama pia inayozunguka, na rada huonyesha kila kuyumba. Subiri nukta za saa sita, ikibidi kumi na mbili, kabla ya kutangaza zamu. Isipokuwa jambo moja: kimbunga kikiwa saa chache tu kabla ya kutua, kuyumba kwa kilomita 20 kunaweza kuamua ni ghuba ipi itajaa maji. Na katika dhoruba dhaifu, kitovu cha chini huweza kufa na kingine kuzaliwa chini ya mawingu ya radi umbali wa makumi ya kilomita, na ramani nzima huhama kwa taarifa moja. Hapo futa mstari wako bila kinyongo.

17. Upande upi wa kimbunga ni mbaya, na nitajuaje nilipo bila intaneti?

Kwa Atlantiki ni upande wa kulia wa njia, ukikitazama kutoka nyuma, kwa sababu kasi ya kimbunga chenyewe huongezeka kwenye kasi ya upepo, na upepo wa upande huo ndio husukuma bahari kuelekea nchi kavu. Maji hayo yakikutana na bamvua, mambo huwa mabaya zaidi.

Ili kujua kitovu kiko wapi, upepo ukiwa bado unakuruhusu kusimama kibarazani, upe mgongo upepo: kitovu kiko upande wako wa kushoto, mbele kidogo. Ni kanuni ya mabaharia tangu karne ya 19, na haihitaji betri. Nyoosha mkono wa kushoto kukielekea. Ukirudia baada ya saa mbili na mkono wako ukawa unaelekea mahali pengine, umekwisha kujua kimbunga kinapita upande gani wako. Kama mkono hausogei na barometa inashuka, kinakuja kwako.

Kabla ya setilaiti mambo yalikuwa hivyo kwa wote. Padri Benito Viñes, Mjesuiti aliyeongoza kituo cha Belén mjini Havana tangu 1870, alitazama jinsi mawingu membamba ya juu yanavyotawanyika kutoka kwenye kimbunga, na Septemba 1875 akatoa tahadhari ya kimbunga kwa maandishi. Mwaka 1900 watabiri wa Kuba waliona kwamba kimbunga kilichowapita kinaelekea Texas, ilhali ofisi ya hali ya hewa ya Washington, iliyokuwa imezuia simu zao za maandishi, ilitarajia kipinde kuelekea Florida. Tarehe 8 Septemba kiliingia Galveston na kuua watu wanaokadiriwa kuwa 8,000.

18. Kanuni hizi zinafaa kwa vimbunga vya Bahari ya Hindi?

Fizikia ni ileile, mikono hubadilika. Kusini mwa ikweta upepo huzunguka kwa mwendo wa saa, hivyo ukiupa mgongo upepo kitovu kiko kulia kwako, na upande mbaya wa njia ni wa kushoto. Msimu nao ni mwingine, na taarifa hutolewa na kituo cha Réunion na, kwa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Watu wa Mafia waliokiona Hidaya mwezi Mei 2024 hawahitaji kuelezwa kwamba pwani yetu si salama kabisa, kama ambavyo Unguja haikuwa salama mwaka 1872 wala Lindi mwaka 1952. Usichukue ramani ya Florida na kuisoma hivyohivyo Kilwa.

19. Nijipimeje kama natabiri vizuri?

Chagua saa moja ya kila siku, andika nukta yako ya saa 24, 48 na 72 kwa wino, na pembeni yake nukta rasmi na ile ya mstari ulionyooka. Saa hizo zikifika, pima umbali kati ya kila nukta na kitovu halisi. Usirekebishe kilichoandikwa. Miezi kadhaa baadaye Kituo huchapisha ripoti ya kila kimbunga, ikiwa na njia iliyosahihishwa. Pima upya kwa hiyo, kwa maana nukta za awali zenyewe huwa na makosa.

Mfano kutoka daftari langu ni Beryl, kilichotokana na wimbi la Afrika, kikawa daraja la 5 mapema kuliko kimbunga chochote cha Atlantiki kilichorekodiwa, mwanzoni mwa Julai 2024, kisha kikapita Yucatán. Ijumaa tarehe 5, saa kumi jioni, niliandika "Corpus Christi, Jumatatu". Utabiri rasmi nao ulikuwa ukielekeza kusini mwa Texas, lakini nilikuwa nimeona mistari mitatu mfululizo ikisogea kulia na nikajiona mjanja kwa kusogea nayo kidogo. Kimbunga kilitua karibu na Matagorda alfajiri ya Jumatatu tarehe 8, saa 60 baadaye, karibu kilomita 165 kutoka nukta yangu, ukingoni kabisa mwa duara la saa 60 kama ningelichora kuzunguka nukta yangu mwenyewe. Houston ikabaki upande wa kulia, na zaidi ya wateja milioni mbili wa umeme wakakaa gizani. Nukta ya Corpus Christi bado ipo, kwa wino, na pembeni yake nimeandika kwa taa ya mkononi: "Ulisogea kulia, hukusogea vya kutosha."